Mita Hamsini Karibu Mno na Bahari

Peterson Gitonga Mureithi,
Ploti Nambari 41,
Mtaa wa Pwani Mpya, Awamu ya Pili,
Kitengela.

Tarehe 20 Februari

Kwa Msimamizi,
Dawati la Vibali vya Ujenzi wa Kando ya Maji,
Ghorofa ya pili, mlango usio na kitasa.

Bwana au Bibi Msimamizi,

MINTARAFU: KITUO CHANGU CHA KUTOTOLESHA SAMAKI, KILICHOKATALIWA KWA KUWA KARIBU MNO NA BAHARI HINDI

Nakuandikia nikiwa mzima, isipokuwa mgongo, ambao nitaueleza hapo chini kwa sababu unahusika na kesi hii. Nimeandika "Bwana au Bibi" kwa kuwa nimefika ofisini kwako mara nne na kila mara nimeambiwa umetoka kidogo. Mtu anayetoka kidogo mara nne ni mtu mwenye kazi nyingi, kwa hivyo nitajitahidi kuwa mfupi. Nikishindwa, lawama ni za fomu yako, ambayo ndiyo iliyoanza kuwa ndefu.

Mimi ni mzee wa miaka sitini na mitatu, mfanyabiashara mstaafu, na mwenye ploti nambari 41 pamoja na mke wangu Mwihaki, ambaye jina lake limo kwenye hati ya ardhi kama langu. Mwezi wa Oktoba niliomba kibali cha kujenga kituo cha kutotolesha kambare: mabwawa matatu ya nailoni nyeusi na banda moja dogo la kulelea mayai. Nilitaka wafugaji wa kuanzia hapa mpaka kule Illasit wapate samaki wadogo wa kufuga bila kusafiri siku nzima. Sikuwa na nia nyingine yoyote, na hasa sikuwa na nia yoyote kuhusu bahari.

Jumatatu iliyopita nilipokea jibu lako. Nalinakili lote, kwani ni fupi na lina muhuri: "Ombi limekataliwa. Kituo kiko mita 450 kutoka alama ya maji kujaa ya Bahari Hindi. Umbali unaokubalika ni mita 500 au zaidi. Mwombaji anashauriwa kusogea."

Nimelisoma jibu hilo mara nyingi. Nimemsomea jirani yangu Makau, akaniomba nirudie pale kwenye kusogea. Sasa naomba niyapange malalamiko yangu kwa nambari, kama ulivyoelekeza ukurasa wa mwisho wa fomu.

1. Kuhusu kuku.

Ombi langu la kwanza liliandikwa kwa Kiswahili, kwa sababu bango la ofisini kwako linasema Kiswahili ni haki yangu. Samaki wadogo kwa Kiswahili huitwa vifaranga vya samaki. Niliandika kwamba nitatotolesha vifaranga elfu ishirini kila msimu. Baada ya wiki sita nikapata barua inayouliza kama vifaranga wangu watachanjwa kideri, na nina jogoo wangapi. Nilijibu kwa heshima kwamba sina jogoo. Nikaulizwa, katika barua nyingine, mayai yataanguliwaje bila jogoo, na kama nina habari kwamba mradi usio na jogoo hauwezi kuidhinishwa.

Nilikuja mwenyewe. Nilieleza pale dirishani kwamba hawa ni vifaranga wa majini. Kijana wa dirishani aliniangalia kwa huruma akasema, "Sasa mzee, si ungesema mapema ni samaki." Neno samaki lilikuwa kwenye kichwa cha ombi, kwenye aya ya kwanza, na kwenye mchoro, ambapo nilikuwa nimechora samaki. Lakini sikutaka kubishana. Faili langu lilitolewa kwenye kuku likaletwa kwako, na kwa hilo nashukuru.

2. Kuhusu jina la mtaa.

Kijana yule alipofungua faili jipya aliniuliza ploti iko wapi. Nikasema Pwani Mpya. Akabonyeza neno Pwani, na ukurasa wote ukageuka kuwa wa bluu. Kuanzia hapo kila swali lilikuwa la bahari. Nilimwambia Pwani Mpya iko hapa Kitengela, ukipita kile kituo cha kuuza mawe. Akasema, "Mimi nafuata tu vile mtaa umejiita."

Msimamizi, mitaa haijiiti. Huitwa na madalali wa ploti, na madalali wa ploti unawajua. Huku kwetu kuna mtaa unaoitwa Vilima Saba na hauna hata kichuguu. Kuna mwingine unaitwa Chemchemi ambapo watu hawajaoga vizuri tangu Krismasi. Aliyeubandika mtaa wetu jina la Pwani Mpya alikuwa mtu asiyefikiria kesho, na mimi sitaki kumzungumzia zaidi katika barua ya heshima.

3. Kuhusu ile 450.

Swali la kumi na moja la fomu ya bluu linauliza umbali kutoka alama ya maji kujaa. Niliandika "haihusiki". Ikakataa. Niliweka kistari. Ikakataa tena na kutoa mlio. Kijana akasema, "Wewe weka namba yoyote, mzee, isikusumbue." Lakini mimi si mtu wa namba yoyote. Nilitoka nje nikamuuliza dereva wa lori la saruji, mtu anayekwenda Mombasa kila wiki, ni umbali gani kutoka hapa mpaka baharini. Akafikiri, akasema ni kama mia nne na hamsini. Nikarudi nikaandika 450, nikiona fahari kwamba nimesema kweli mbele ya serikali.

Kando ya kile kisanduku, kwa herufi za kutafutwa na miwani, kulikuwa na neno "mita".

Ningeandika 999, ambayo ndiyo namba kubwa inayoingia hapo, leo ningekuwa na kibali changu ukutani. Uongo ungenipa mabwawa. Ukweli umenipa bahari.

4. Kuhusu kusogea.

Umenishauri nisogee mita hamsini. Nimeuchukua ushauri wako kwa uzito na nimepima kwa tepu ya fundi. Mita hamsini nyuma ya ploti yangu ni jikoni kwa Makau, au kwa usahihi zaidi ni jikoni kwa mke wake Kalunde, karibu na jiko la kuni. Nilikwenda kuwaarifu, maana jirani mwema huarifu. Makau alisema, "Gitonga, mimi sipingi maendeleo, lakini kambare kwa jikoni ya Kalunde hapana." Kalunde aliendelea kushika mwiko kwa namna iliyonifanya nimalize chai haraka.

Kabla ya kuwasumbua zaidi, niliona ni haki kuitafuta hiyo bahari, nijue inatokea upande gani ndipo nijue pa kukimbilia. Nilitembea mita mia nne na hamsini kila upande. Kaskazini nilifika kwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambapo mwenye duka alisema bahari hana, ila ana rangi yake. Kusini kuna kanisa la mabati. Magharibi kuna shimo la mawe, kavu. Mashariki, ambako ndiko bahari huwa kwenye ramani, niliwakuta punda milia watatu na uzio. Niliwatazama, nao wakanitazama, na hakuna kati yetu aliyekuwa na maji miguuni.

5. Kuhusu ukaguzi.

Hapa nataka niwe mwangalifu, kwa sababu mkaguzi uliyemtuma, Bi. Seleyian, ni msichana mwenye adabu. Alipofika getini alinisalimu, "Sopa, baba," nami nikamjibu, "Ipa," ingawa ni Kimaasai cha kununulia maziwa tu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Simlaumu yeye. Yeye alipewa karatasi ya bluu, na mtu aliyepewa karatasi ya bluu atatafuta vitu vya bluu.

Aliyoyathibitisha ni haya:

(a) Chumvi. Nilimpikia chai kwa maji ya kisima cha mtaa. Wewe kama umeishi Kitengela unajua maji yetu ya visima: sabuni haitoi povu, sufuria zinaota ukoko mweupe, na watoto waliokulia huku hutambulika kwa meno ya kahawia. Bi. Seleyian alionja, akaandika: "Maji ya eneo hili yana chumvi. Uwepo wa bahari unawezekana."

(b) Upepo. Aliandika: "Mkali, wa kudumu, unatoka mashariki." Hilo siwezi kulipinga. Upepo wetu umeshawahi kuchukua nguo za Kalunde zikapatikana Kisaju.

(c) Kobe. Swali la ishirini na mbili linauliza kama kuna kasa wa baharini wanaotaga mayai karibu. Sisi watu wa bara hatuna neno kasa. Kwetu chochote chenye gamba na miguu minne ni kobe, na msichana wa watu aliuliza kama kuna kobe. Nikasema yuko mmoja. Huyo kobe huishi kwenye majani ya ua wangu na hajawahi kuomba maji kwa mtu. Kwa bahati mbaya siku hiyo alikuwa akitembea. Bi. Seleyian aliandika, na ninayo nakala: "Mmoja, mkubwa, anaelekea upande wa bahari."

Alikuwa akielekea kwenye sukuma wiki za Makau.

Kwa sababu ya kobe huyo nimeamriwa kuzima taa za nje kuanzia magharibi ili asipotee njia akirudi majini. Nimezizima. Sitaki kuvunja sheria rufaa ikiwa inaendelea.

6. Kuhusu mikoko.

Mwezi uliopita Makau alikata mgunga mmoja uliokuwa ukichoma nailoni yangu kwa miiba. Alipoona ile sehemu ya fomu inayosema kukata mikoko ni kosa, aliniuliza kama mgunga unahesabika. Tangu siku hiyo kuni zake ameziingiza chumbani, na huo ndio unyonge ambao ofisi yako imemletea mtu mzima.

7. Kuhusu barua ya ufuo, na kuhusu mke wangu.

Hili ndilo linalonikosesha usingizi.

Sharti la tano la fomu yako ya rufaa linasema kwamba ili rufaa yangu isikilizwe, wenye ardhi wote wafike kwa miguu yao mbele ya mwenyekiti wa kamati ya ufuo ulio karibu, wakiwa na vitambulisho, awatazame, awape barua. Kamati ya ufuo haiko Kitengela. Nimeuliza Kware, nimeuliza mpaka mjini Kajiado, nikaulizwa mimi nimetoka wapi. Kamati za ufuo ziko kule kwenye ufuo wenyewe, kilomita zile mia nne na hamsini ambazo wewe unaziita mita. Na umesema wenye ardhi wote. Wote ni wawili, na mmoja hayuko.

Inabidi nieleze. Wakati najaza fomu ya bluu niliambiwa kibali hutoka kwa siku kumi na nne. Kwa kuamini hivyo, nilitandika nailoni ya mabwawa na kuchukua samaki wazazi saba, majike manne na madume matatu. Kisha watu wako walikuja wakapiga mabwawa yangu alama ya X kwa rangi nyekundu, wakaniambia nisitie hata tone la maji mpaka faili litoke. Mimi hutii. Kwa hivyo kambare saba wako bafuni kwangu, ndani ya hodhi la kuogea, tangu mwezi wa Januari. Waswahili walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi nimevua nguo mara nyingi, nikakuta wenyewe wamo. Naoga kwa Makau, Jumanne na Jumamosi. Na kila siku nateka ndoo kumi na nane za kuwabadilishia maji, na huo ndio mgongo niliokuahidi.

Mwihaki alivumilia wiki mbili. Asubuhi ya tarehe 29, kambare mmoja alitoka kwenye hodhi. Kambare hutembea, ni jambo linalojulikana na wafugaji wote, ila mke wangu si mfugaji. Walikutana kwenye ujia, yeye akiwa na kikombe cha uji. Hakupiga kelele. Alikiweka kikombe chini, akapanga nguo, akaniambia maneno ambayo nimeyaandika ili yawe kwenye rekodi: "Gitonga, miaka thelathini na moja nakuitisha bahari, na wewe unaniletea kambare kwa bafu."

Akaenda kwa dadake Cate kule Nkoroi. Leo ni siku ya ishirini na mbili.

Sikuelewa bahari imeingiaje hapo, kwa kuwa tulikuwa tukizungumza juu ya samaki wa maji baridi. Ninachokijua ni kwamba nyumba imekuwa kubwa. Napika ugali nabakisha nusu. Juzi nilimwekea kikombe mezani kwa mazoea, nikakaa nikikitazama. Namkosa mke wangu, Msimamizi, na siwezi kusema kwa njia nyingine. Akirudi akute samaki, atatoka tena. Samaki hawatoki bila kibali, kibali hakitoki bila barua, barua haitoki bila Mwihaki, na Mwihaki harudi mpaka samaki watoke. Nimelichora jambo hili kwenye karatasi likawa duara kamili.

Tena majike yamejaa mayai. Mvua ndefu zikifika na kupita bila mabwawa, mayai yatapotelea humo humo tumboni na msimu utakuwa umekwisha. Nikiwatazama pale kwenye hodhi naona nao wanasubiri mtu aliyetoka kidogo.

Kwa kuwa ni lazima mwenye ardhi wa pili atie sahihi rufaa hii, nimempigia picha barua yako na lile sharti la tano la fomu nikamtumia kwa simu. Hajajibu.

8. Kuhusu yatokanayo.

Mimi si mbishi. Nikifikiri sana, naona pengine serikali haiwezi kukosea mahali penye muhuri, na kwamba ni mimi niliyekosea kwa kutoiona bahari. Basi tukubaliane kwamba iko. Lakini ikiwa iko, kuna mambo mengine ambayo ofisi yako imeyasahau, na nayataja kwa nia njema.

Kama bahari iko mita 450 kutoka getini kwangu, basi Emali imezama. Mtito Andei imezama. Voi nayo, na Mombasa yote iko chini ya maji yenye urefu wa safari ya kutwa, na sijasikia ukiwaonya. Mama yake Makau anaishi Emali. Alipiga simu Jumapili, na Makau anasema alisikika mkavu kabisa. Wazee huficha matatizo yao, kwa hivyo naomba mtu atumwe akamwone.

Pili, wakazi wa Pwani Mpya hawajawahi kupewa ratiba ya maji kujaa na kupwa. Watoto wanavuka barabara bila kujua.

Tatu, tunaomba gati. Foleni ya magari kuelekea Mlolongo inajulikana na kila mtu. Meli moja ndogo, ikitoka hapa asubuhi saa kumi na mbili, ingewafikisha watu Athi River kazini kabla ya saa moja. Makau yuko tayari kuwa nahodha, kwani aliwahi kuendesha tingatinga.

Nne, tunaomba mnara wa taa. Najua nimeamriwa kuzima taa kwa ajili ya kobe, na najua meli huhitaji taa. Uamuzi kati ya kobe na meli nakuachia wewe, kwa kuwa wote wawili umewaleta wewe.

Tano, na hili ndilo ombi langu kuu. Kwa kuwa mimi nimeshindwa kusogea kwa sababu ya jikoni ya Kalunde, naomba bahari isogezwe yenyewe. Siombi mbali. Naomba mita hamsini tu, kurudi mashariki, zile ambazo inanizidi. Kamba na vigingi nitavitoa mimi. Ukisema hilo ni gumu, basi ifutwe kabisa kwenye faili langu, kisanduku kigeuzwe kiwe kilomita, na kibali changu kitolewe kabla ya mvua, ili kambare waende kwao na mke wangu arudi kwake.

Nimemaliza. Naamini utaona kwamba sikutumia neno lolote kali, ingawa maji yamezidi unga.

Nisalimie kijana wa dirishani, na umwambie jogoo bado sina. Nisalimie mlinzi wa getini aliyenipa kiti mara ya tatu na ya nne. Nisalimie Bi. Seleyian na wazazi wake waliomlea vizuri. Makau anawasalimu nyote akiwa nyumbani na kuni zake. Kalunde anasalimu pia, ila jikoni kwake hapana. Mwihaki angewasalimu kama angekuwepo, kwa kuwa yeye ndiye mwenye salamu katika nyumba hii.

Wako katika kusubiri,

Peterson Gitonga Mureithi
Mwenye ardhi wa kwanza

Sahihi ya mwenye ardhi wa pili: (inasubiriwa)

Tanbihi: Nilikuwa nimeshalamba bahasha Mwihaki alipopiga simu. Imebidi niifungue kwa mvuke wa sufuria, kwa hivyo uniwie radhi kwa mikunjo.

Alikuwa ameisoma barua yako. Hakuuliza habari za samaki. Aliuliza, "Hii namba tano, ni serikali imesema ni lazima twende sote wawili mpaka baharini?" Nikamwambia ndiyo, ina muhuri. Kisha akasema, "Basi niambie ni siku gani." Baadaye Cate alichukua simu akaniambia kwa sauti ya chini kwamba dada yake ameshanunua kofia pana, na ameuliza kama maji ya bahari yana chumvi kushinda ya kisima chetu.

Kwa sababu hiyo naomba uyapuuze yote niliyoandika hapo juu, kuanzia nambari ya kwanza hadi ya nane. Tafadhali usibadilishe kisanduku. Usifute bahari. Mtu yeyote ofisini kwako akigundua kosa, naomba atoke kidogo. Tunasafiri tarehe 3 Machi, na ningependa bahari ibaki pale pale mlipoiweka mpaka tutakapokuwa tumeiona.

Tena kuna jambo ambalo si haki nilifiche kwa mtu wa serikali. Yule dalali wa nambari mbili ni mimi. Nilipouza ploti hizi, miaka kumi na miwili iliyopita, zilikuwa na nambari tu. Mwaka huo Mwihaki aliniuliza tena habari ya kwenda kuiona bahari, kama nilivyomwahidi tukioana, nami nilikuwa na shughuli. Nikaona nikishindwa kumpeleka pwani, angalau nimjengee nyumba mahali panapoitwa hivyo. Bango nililiandika kwa mkono wangu. Alilisoma, akacheka kidogo, akaingia ndani kupika. Katika miaka yote hiyo mtu pekee aliyeliamini lile bango ni Bi. Seleyian, na ndiye niliyemlalamikia.

Makau amekubali kuwabadilishia samaki maji mpaka turudi, bora wasivuke ua. Barua ya mwenyekiti wa ufuo tutaileta pamoja na chupa ya maji ya bahari, Bi. Seleyian aonje alinganishe. Kibali kisiharakishwe. Mwihaki anasema huenda mwenyekiti naye akawa ametoka kidogo, na sisi tutamsubiri pale pale ufuoni.